Siku ya Kuzaliwa katika Mji wa Herrnhut



Wengi wenu mmetuuliza, kwa kinywa na kwa barua, tuwaeleze habari za safari yetu ya Ujerumani ya mwezi wa Mei mwaka 2025, nasi tumekawia kuandika. Habari za ndege na za njia mmekwisha kuzisoma kwa wengine, basi hizo twaziacha. Tutawaeleza jambo moja tu, dogo machoni pa watu, walakini ndilo lililotukaa moyoni tangu siku ile mpaka leo. Nalo ni habari ya keki.

Msicheke. Ninyi mlio walimu na wazee wa kanisa mwajua jinsi keki ilivyoleta maneno katika nyumba zetu. Zamani za babu zetu hapakuwa na mtu aliyemwuliza mwenziwe, "Umezaliwa tarehe gani?" Huku kwetu Rungwe mtu alijulikana kwa rika lake. Vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakaa humo pamoja hata uzee. Ukikijua kijiji cha mtu, umeujua umri wake, yatosha. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtoto azaliwa hospitalini, aandikiwa siku na saa, na akifika shuleni aikumbuka siku hiyo kuliko Amri Kumi. Ikiwadia, wenziwe humvizia na ndoo za maji wakammwagia mpaka alowe, hata ikiwa ni Julai na baridi ya Tukuyu yauma mifupa. Jioni hutakiwa keki, nayo ikatwe, na mtoto awalishe baba na mama kwa mkono wake. Wenye mali huchoma mbuzi mzima, aitwaye ndafu, akawekwa mezani na majani kinywani, naye hukatwa kama keki. Wasio na mali hukopa. Sisi tumeona nyumba ya Kikristo iliyokopa fedha ya keki hali deni la duka halijalipwa, na tumeona nyingine ambayo mume na mke hawakusemezana siku mbili kwa ajili ya jambo hilo.

Katika baraza ya wazee wa usharika wetu neno hili lilijadiliwa sana. Wengine walisema kwamba Maandiko yataja waziwazi sikukuu mbili tu za kuzaliwa, ya Farao katika kitabu cha Mwanzo na ya Herode katika Injili, na katika zote mbili mtu aliuawa: kwa Farao mkuu wa waokaji alitundikwa, na kwa Herode Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa. Mzee mmoja akaongeza ya kuwa yule wa kwanza alikuwa mwoka mikate, kwa hiyo hatari ya keki haikuanza leo. Sisi wengine tukacheka, lakini yeye hakucheka. Tukakumbushana pia jinsi Ayubu na Yeremia walivyoilaani siku yao, na jinsi mwalimu Origene wa Misri, katika karne ya 3, alivyowafundisha Wakristo kwamba watakatifu hawafanyi karamu siku hiyo. Sisi tulikuwa upande wa wazee hao, tena tulikuwa wa kwanza kusema. Na nyumbani, binti yetu wa mwisho alipotimiza miaka 9 akaomba keki, tulimkatalia mbele ya ndugu zake, tukamsomea habari za Herode. Hakujibu neno. Alikwenda kulala pasipo kula, na mama yake akatutazama kwa namna ambayo ninyi mlio na wake mwaifahamu.

Basi tukasafiri tukiwa na jambo hilo moyoni, tusilitaje kwa mtu.

Herrnhut ni mji mdogo katika nchi ya Saxony, upande wa mashariki kabisa wa Ujerumani. Mpaka wa Poland na mpaka wa nchi ya Wacheki yote miwili i karibu. Toka Dresden tulipanda treni mpaka Löbau, na toka hapo basi la abiria, maana tangu mwaka 1998 treni ya watu haifiki tena Herrnhut. Njia yapita kati ya mashamba ya ngano, na mengine ya maua ya manjano ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta, hata macho yanachoka kwa manjano ile. Jina la mji maana yake ni ulinzi wa Bwana. Mwaka 1722 wakimbizi wa Moravia, walioiacha nchi yao kwa ajili ya imani, walipewa mahali hapa na Bwana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, mtu wa ukoo wa kifahari aliyekuwa na mashamba huko, na seremala Christian David akaukata mti wa kwanza. Miaka 10 baadaye ndugu wawili wa mji huu walikwenda kuwahubiri watumwa katika kisiwa cha St. Thomas, na mwaka 1891 wajumbe wa kanisa lilo hilo wakafika kwetu Rungwe. Ndiyo sababu mtu wa Rungwe akifika Herrnhut hutembea polepole, kama mtu aingiaye katika nyumba ya babu ambaye hakumwona kwa macho.

Mwaka 2024 mji huu uliandikwa na UNESCO katika hesabu ya mahali pa urithi wa dunia, pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Christiansfeld ya Denmark ilikuwa imeandikwa tangu 2015. Msitazamie majumba ya fahari. Nyumba ni pana, zina madirisha mengi, hazina mapambo. Kanisa ndani ni jeupe, kuta nyeupe, mabenchi meupe, na mbele ipo meza tu, hakuna madhabahu. Lile la kwanza liliteketea mwezi wa Mei 1945, vita kuu ilipokuwa ikiisha, na sehemu kubwa ya katikati ya mji iliteketea pamoja nalo; hili la sasa lilijengwa upya katika kuta zile zile, likamalizika 1953. Likumbukeni neno hili la mwaka 1945, maana tutalirudia.

Siku ya kwanza tulipanda kilima cha Hutberg, walipozikwa watu wa Herrnhut tangu mwanzo. Mawe ya makaburi yamelazwa chini, yote sawasawa, la mwashi na la askofu, isipokuwa yale ya jamaa ya Zinzendorf, ambayo yako katikati nayo ni makubwa. Ndugu wa kiume wamelala upande mmoja na wa kike upande wa pili. Maana zamani watu wa mji huu hawakupangwa kwa koo, bali kwa makundi ya umri na hali: watoto, vijana wa kiume, vijana wa kike, watu wa ndoa, wajane, na kila kundi lilikuwa na sikukuu yake, na vijana walikuwa na nyumba yao, wakila na kufanya kazi pamoja. Tuliposikia hayo tulicheka kwa furaha, hata mwenyeji wetu akauliza kulikoni. Tukamweleza habari ya vijiji vya marika vya Rungwe. Akasema, "Basi babu zenu walikuwa na Herrnhut kabla yetu."

Lakini kuna jambo lililotunyamazisha pale kilimani. Kila jiwe lina siku mbili: siku ya kuzaliwa, na siku ya kwenda nyumbani. Tukapita mstari mmoja na wa pili, hatukuona jiwe lisilo nazo. Sisi hatuijui siku yetu ya kwanza. Mama yetu hutuambia kwamba tulizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, askari walipokuwa wakirudi kutoka vita ya Uganda, yaani mwaka 1979. Kitabu cha kanisa chaandika siku ya ubatizo tu. Katika pasipoti imeandikwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani alisema hawezi kuacha mahali patupu, nasi twajua kwamba si kweli, kwani Januari hakuna mahindi ya kuvuna. Tulisimama mbele ya mawe yale tukajiuliza kama ni Maandiko peke yake yaliyotufanya kuwa wakali kwa binti yetu. Hatukujipa jibu siku ile.

Mwenyeji wetu alikuwa mjane mzee. Tutamwita Dada, kama waamini wa huko wanavyoitana. Tulisikia kwamba kesho yake atatimiza miaka 80, tukaona ni adabu kumpa heri mapema, tukasimama jikoni na kumwambia maneno tuliyofundishwa. Akaziba masikio yake kwa mikono miwili iliyojaa unga! Wajerumani huona ni kisirani kumpa mtu heri ya kuzaliwa kabla siku yenyewe haijafika. Tulimwuliza, "Hata Wakristo?" Akaona haya kidogo, akasema, "Hata Wakristo." Basi, wasomaji, tusidhani kwamba miiko ni mali yetu peke yetu.

Na unga ule ulikuwa wa nini? Alikuwa akioka keki zake mwenyewe. Huko desturi ni kwamba mwenye siku ndiye akaribishaye. Hata mtu wa ofisini huchukua keki yake asubuhi akawagawia wenziwe kazini, wala hangojei kununuliwa. Jambo hili lilitupendeza sana. Dada alioka ya namna mbili: moja ina chenga za unga na siagi juu yake, na moja ni ya nchi ya Saxony, yaitwa Eierschecke, yenye tabaka tatu, chini mkate, katikati maziwa ya mgando yaliyokamuliwa maji, juu mayai. Haina sukari nyingi wala rangi. Watu wetu waliozoea keki za harusi wangesema haijaiva.

Asubuhi, kabla hatujanawa uso, tulisikia tarumbeta chini ya dirisha. Wapiga tarumbeta wa kanisa, wazee kwa vijana, walikuwa wamekuja kumwimbia, nao walipiga nyimbo tatu za sifa, wakanywa kahawa wakiwa wamesimama, wakaenda zao. Kisha Dada akasoma Neno la siku katika kile kitabu ambacho Herrnhut hukichapa kila mwaka tangu 1731, akaomba, akaendelea na kazi zake mpaka saa tisa alasiri. Saa tisa ndiyo saa ya keki kwa Wajerumani.

Tulipoketi mezani tulitazamia kuona mishumaa 80. Palikuwa na mmoja tu, mnene, mweupe, katikati. Dada akatuonyesha duara la mti lililotobolewa matundu, alilokuwa akiliweka mezani kwa watoto wake walipokuwa wadogo. Kila mwaka wa mtoto huwekewa mshumaa mdogo kuzunguka, na katikati huwekwa mmoja mkubwa usiohesabiwa, nao huitwa mshumaa wa uhai. Nyumba nyingine hutumia ule ule uliowashwa siku ya ubatizo. "Mimi nimeuacha huu wa katikati," akasema, "ile mingine ingeunguza nyumba."

Mezani tulikuwa watu wa nchi nyingi, kwa kuwa Herrnhut hupokea wageni siku zote, na mjukuu wa Dada alikuwa mfasiri. Kila mmoja akaulizwa habari za kwao. Ndugu mmoja wa Denmark, mwenyeji wa Christiansfeld, mji wa kanisa letu ambao tangu karne ya 18 wasifiwa kwa keki zake za asali, alisema kwamba kwao mtoto hutengenezewa keki yenye umbo la mtu, imepambwa kwa pipi na bendera. Na jambo la kwanza ni kuikata shingo, na watoto wote hupiga kelele kwa nguvu kisu kinapopita. Tulimkumbuka yule mzee wetu wa habari za Herode. Angaliyasikia hayo angalipata nguvu mpya.

Mama mmoja, mzaliwa wa Suriname akaaye Uholanzi, alituambia kwamba Waholanzi huketi katika duara, na aingiaye humpa mkono kila aliyepo, akimpongeza mama kwa ajili ya mwanawe, na shemeji kwa ajili ya shemejiye, na hata jirani. Kisha kila mtu hupata kipande kimoja cha keki. Mtu atimizapo miaka 50 husemwa kwamba amemwona Ibrahimu, na mwanamke kwamba amemwona Sara. Neno hili limetoka katika Injili ya Yohana, mlango wa 8, pale Wayahudi walipomwambia Bwana kwamba hajatimiza miaka hiyo. Huokwa mkate au biskuti kwa umbo la Ibrahimu, mwenye ndevu, na watu humla. Lakini yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa Suriname, hupenda keki iitwayo bojo, ambayo haina unga wa ngano kabisa, bali ni muhogo uliokunwa na nazi. Hapo tuliomba kalamu tukaandika jinsi ya kuipika, maana muhogo na nazi si vitu vya kuagiza Ulaya. Alisema tena kwamba kila mwaka wa tano watu wa Suriname hufanya karamu iliyo kubwa kuliko nyingine, nao huuita mwaka mkubwa.

Kisha akasema mchungaji wa Ghana. Nchi yake nayo ina undugu na kanisa letu, kwa sababu mwaka 1843 jamaa za Wakristo Wamoravia wa Jamaika zilivuka bahari kwenda kukaa Akropong na kuisaidia Misioni ya Basel. Alisema kwamba kwao mtoto hapewi keki asubuhi, hupewa oto, yaani viazi vikuu vilivyopondwa na mawese, na mayai mazima ya kuchemshwa juu yake, naye huyala kabla ya kitu kingine. Tukamwuliza, "Na wazee wasiojua tarehe?" Akasema, "Kwetu asiyejua siku hayupo. Tarehe ndiyo wasiyoijua. Kila Mwakani ana jina la siku ya juma aliyozaliwa: Kofi ni wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi, Kwasi wa Jumapili." Tukamwambia kwamba hata watu wetu wa pwani huitwa Juma na Hamisi na Mwanajuma. Hatukuwaza zaidi wakati ule, ila neno lake lilibaki.

Aliyetugusa zaidi ni kijana wa Korea, mwanafunzi wa theolojia. Alikuwa kimya, na alipoulizwa akasema kwamba keki na mishumaa wanayo siku hizi, lakini mtu wa Korea huona siku yake haijawa siku mpaka anywe mchuzi wa mwani. Mwani huo ni majani ya baharini, kama yale walimayo akina mama wa Unguja. Mama wa Korea akiisha kuzaa hupewa mchuzi huo siku nyingi ili apate nguvu na maziwa, kama sisi tumpavyo mzazi uji. Kwa hiyo mtoto aunywapo kila mwaka hukumbuka kwamba siku ile yeye hakufanya kazi yo yote. Aliyefanya kazi ni mama. Meza yote ikanyamaza kidogo. Sisi tuliwaza jinsi tunavyoamkiana siku hizo huku kwetu, tukimsifu mtoto na kumlowesha maji, na mama yake yuko jikoni anafua sufuria.

Alikuwako pia mzee mmoja asomaye vitabu vya zamani, na ndiye aliyetuangusha chini kabisa. Tulikuwa tumemweleza mashaka ya wazee wetu, kwamba keki yenye mishumaa ni jambo la ulimwengu lililoingia juzi. Akacheka, akatuuliza kama twajua ilivyoandikwa habari ya keki ya Zinzendorf. Hatukujua. Akaeleza.

Zinzendorf alizaliwa tarehe 26 Mei 1700. Mwaka 1736 serikali ya Saxony ilimfukuza, wala hakuruhusiwa kurudi mpaka 1747, na katika miaka hiyo kiti chake kilikuwa mbali, katika nchi ya Wetterau, huko Marienborn na Herrnhaag. Mwaka 1746 akatimiza miaka 46. Palikuwapo hapo mtu mmoja jina lake Andrew Frey, aliyekuja kutoka Pennsylvania ili aone maisha ya ndugu hao. Yeye asimulia kwamba ilitengenezwa keki kubwa kadiri ya tanuri kubwa iliyoweza kupatikana, ikatobolewa matundu kwa hesabu ya miaka, na katika kila tundu ukatiwa mshumaa, na mmoja katikati. Wachunguzi wa mambo ya kale huihesabu habari hii kuwa mojawapo ya zile za kwanza kabisa zilizoandikwa juu ya keki ya mishumaa. Kumbe jambo tulilolikataa kwa jina la baba zetu wa imani, wao wenyewe walilifanya!

Hatukuwa na la kusema. Lakini mzee yule hakutuachia tupumzike upande wa pili pia. Akauliza, "Mwajua kwa nini Frey aliiandika?" Aliiandika kwa hasira. Aliwaacha ndugu hao akatoa kitabu cha kuwashitaki, kilichochapwa kwa Kiingereza huko London mwaka 1753, na keki ile ilikuwa mojawapo ya mashitaka, pamoja na karamu na taa na mapambo yasiyokwisha. Wala hakukosea kwa yote. Miaka ile watu wa Herrnhaag walizidi mno katika sherehe, hata kanisa lenyewe baadaye liliiita miaka ya kupepetwa, kama Shetani alivyotaka kumpepeta Petro. Tangu mwaka 1750 Herrnhaag ikaachwa na watu wake, na mwaka 1753 ndugu wakajikuta katika madeni makubwa ambayo yalikaribia kuwamaliza. Hatusemi keki ndiyo iliyoleta madeni. Twasema tu kwamba waliowasha mishumaa na walionung'unika walikuwa katika nyumba moja, wala ugomvi wa baraza yetu si mpya. Na mahali pale pale Marienborn, Krismasi ya mwaka 1747, kila mtoto alipewa mshumaa uliofungwa utepe mwekundu, ndiyo desturi ya mishumaa ya watoto iliyoenea katika makanisa mengi hata leo.

Zinzendorf miaka 46, na sisi miaka 46. Tulilisema neno hilo kwa mzaha ili tupumue, tukaongeza kwamba sisi hatuna siku ya kuwashia cho chote. Ndipo Dada akaweka kikombe chake chini.

Akasema, "Mimi pia sina. Mama yangu alikuwa mkimbizi kutoka Silesia mwaka 1945. Alinizaa njiani, akafa. Watu walinibeba mpaka huku, mji ungali una majivu, wakanitia mikononi mwa dada mmoja wa kanisa. Yeye hakujua nimezaliwa lini. Aliandika siku ile aliyonipokea. Ndiyo hii." Mjukuu wake aliifasiri habari hiyo polepole, tukaona kwamba naye alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Dada akakata kipande kingine cha Eierschecke akakiweka katika sahani yetu, pasipo kutuuliza kama twataka.

Tuliporudi nyumbani tuliwaeleza wazee hayo yote. Hawakupatana. Yule wa habari za Herode alisema kwamba Frey alikuwa mtu mwenye akili, na kwamba angependa kukisoma kitabu chake. Neno moja walilikata, kwamba mtu wa usharika asikope fedha kwa ajili ya siku ya kuzaliwa, wala asichangishe watu. Mengine wakawaachia wenye nyumba.

Mwezi wa Septemba binti yetu akatimiza miaka 10. Hakuomba kitu. Mke wetu alioka keki ya mayai katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama alivyofundishwa na mama yake. Upande mmoja iliungua kidogo tukaupunguza kwa kisu. Tulinunua mishumaa midogo dukani, tukaipanga 10 kuzunguka, na katikati tukasimamisha kipande cha mshumaa wa kawaida, ule wa kuwasha umeme ukatikapo. Tukamwita mama yetu, ambaye macho yake ni dhaifu, auwashe huo wa katikati. Mke wetu tulimketisha kwanza, tukampa uji yeye kabla ya mtoto kupata keki, naye akashangaa sana, akauliza kama tumeugua huko Ulaya.

Ndipo tukalikumbuka neno la mchungaji wa Ghana. Tukamwuliza mama yetu, si tarehe, bali siku ya juma. Akajibu mara moja, kiberiti kingali mkononi: "Alhamisi. Ilikuwa siku ya gulio, nami nilikuwa nimefunga ndizi za kuuza. Zile ndizi waliziuza akina shangazi yako, wala fedha yake sikuiona." Tukamwambia, "Mama, miaka yote hii, mbona hukusema?" Akasema, "Mlikuwa mkiniuliza tarehe."

Keki ilikatwa vipande 14, kwa kuwa watoto wa jirani walisikia harufu. Kesho yake shuleni wenziwe walimvizia binti yetu wakammwagia ndoo mbili za maji, naye akarudi ametota, anatetemeka na kucheka, vitabu vyake ameviinua juu ya kichwa.